Mstari wa Mama Ndeshi

Mtu aliyewekewa chipu kichwani aliweza kuwaza mambo manne kwa pamoja, na sheria ilimtaka avae kioo mkononi, kionyeshe kwa mistari minne kila wazo linapewa sehemu gani ya akili yake. Mama Ndeshi, ambaye hakuwekewa, alijifunza kukisoma kioo cha binti yake Aisia. Mstari wa mazungumzo na yeye mama ulikuwa wa chini kabisa, na ulisonga pale tu kazi za ofisini ziliposimama kusubiri majibu.

"Leo nimeambulia makombo gani?" alizoea kumtania.

"Nakusikia, mama."

"Unanisikia kama redio ya jirani."

Jumatano moja Mama Ndeshi alikuwa akimenya ndizi za supu ya mtori Aisia aliporudi kutoka hospitali, alikokwenda kumchukulia mama yake majibu ya vipimo.

"Daktari amesema tuonane naye tena," alisema, akavuta kigoda. "Hebu nisimulie habari za harusi yako, mama."

Mama Ndeshi akakitazama kioo. Mistari mitatu ilikuwa imezimika. Wa kwake ulisonga peke yake, bila kusita.

Kisu kikasimama mkononi mwake.

"Ni mbaya kiasi hicho, mwanangu?"

Aisia akakifunika kioo kwa kiganja.

"Simulia tu, mama."