Jina la Bibi Chausiku

Kabla ya kumtundikia mgonjwa dripu ya dawa ya saratani, muuguzi Mwanaidi humuuliza jina, hata kama wamejuana miezi. Bibi Chausiku alilichukia swali hilo. "Jana umekula maandazi yangu, leo hunijui?" Kisha hulitaja jina lake kama anayegombana, wodi nzima ikacheka.

Siku hiyo Mwanaidi alikuwa akihudumia wodi peke yake. Wenzake walikuwa wamehamishwa, na hawakuletwa wengine. Alikuja na mfuko wa dawa, akautundika, akaushika mpira wa dripu bila kusema neno. Bibi akamdaka mkono.

"Hujaniuliza jina."

Mwanaidi akautazama mfuko. Jina lililoandikwa pale lilikuwa la mama wa kitanda cha jirani.

Angeweza kuubadilisha kimyakimya. Badala yake aliuteremsha, akaenda nao kwa matroni, mkuu wa wauguzi, aliyekuwa akiingia wodini, akamweleza yote mbele ya wagonjwa bila kujitetea.

Matroni hakumkaripia. Alimvutia kiti cha wageni kando ya kitanda cha bibi.

"Umefanya vyema kusema. Kaa hapa, mwanangu. Zamu hii naimaliza mimi."

Akanawa mikono, akavaa glavu. Aliporudi na mfuko mwingine, Mwanaidi alikuwa amelala, kichwa kimeegemea ukingo wa godoro.

"Jina lako nani, bibi?"

Bibi Chausiku alilitaja lote, la kwake, la baba na la babu, kwa kunong'ona, mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha yule muuguzi.