Bi Mahfudha Aacha Wali

Bi Mahfudha alijipiga kofi mkononi mbele ya wateja wake wote. Mkono wenyewe ulikuwa umeshika hamri la moto, na ulikuwa umeshafika mdomoni.

"Una nini, mwenzangu?" aliuliza jirani yake, Harusi.

"Nimeacha," alijibu, akalirudisha hamri kwenye sinia.

Malindi nzima ilijua mahamri ya Mahfudha, na ilijua pia umbo lake. Alikuwa mjane mnene, mzuri, mwenye mwendo wa mtu asiye na haraka na dunia. Sifa za umbo hilo ndizo zilizomfikia Bwana Badawi, tajiri wa malori ya Mariakani, naye akapeleka salamu za posa kwa Aboud, kaka yake Mahfudha. Aboud alizipokea kwa mikono miwili. Baada ya Maulidi, Badawi angekuja kula chakula cha mchana, amwone mchumba, kisha itajwe siku.

Dawa ya kukonda aliletewa na Easter, aliyekuwa akitandika vitanda katika hoteli moja ya watalii na kupitia mahamri kila asubuhi.

"Kuna mama wa Kitaliano kule, mnene kukushinda wewe," Easter alimwambia. "Hali mkate, hali wali, hali sukari. Hata tambi za kwao hazigusi. Nyama, samaki, mayai na mafuta basi. Sasa suruali zamvuka."

"Na mafuta pia?"

"Anayanywa kama uji."

Mahfudha alicheka. Alidhani ni jambo jepesi.

Kichwa kilimgonga. Kinywa kilimnuka embe bovu. Alikaanga mahamri yenye iliki na kuwachukia wote waliokuja kuyanunua, hasa wale waliotafuna huku wamefumba macho. Na juu ya mateso yote hayo, nguo zilibaki zikimbana vilevile.

Easter alimhoji mpaka ukweli ukatoka: kila alipowapikia wanawe wali, Mahfudha alikwangua ukoko chini ya sufuria.

"Ukoko si wali," alijitetea.

"Ni wali ulioungua tu, Bi Mahfudha. Na hizo tende je?"

"Tende ni sunna!"

Akaacha ukoko, akaacha na tende. Siku moja alipita kwa jirani aliyekuwa anapakua muhogo wa nazi, akarudi nyumbani analia kama aliyefiwa. Lakini mwili ukaanza kukubali. Bangili zikamtoka mkononi akiosha vyombo. Harusi alimpunguzia magauni, akayapunguza tena, mwisho akasema afadhali washone mapya.

Aboud alipokuja kumjulia hali, alishika kichwa.

"Mahfudha! Waumwa?"

"Sijambo, kaka."

"Badawi asifika kwa kupenda wanawake wenye miili yao! Akikuona hivi atageuza gari arudi kwao!"

Mahfudha aliinamisha macho kwa adabu. Aboud alipokwisha kutoka, akamgeukia Harusi.

"Umesikia? Atageuza gari, inshallah."

Harusi aliweka chini gauni alilokuwa akilishona.

"Ulidhani najipamba?" alisema Mahfudha. "Kaka amenilea tangu baba afe, siwezi kumwambia hapana. Lakini mwanamume akinikataa mwenyewe, kosa si langu. Mimi nikaishi Mariakani, nile vumbi la malori? Na wateja wangu niwaachie nani?"

Siku ya mgeni ikafika. Bwana Badawi aliingia polepole, kanzu ikimpwaya kama ya kuazima. Mahfudha alijitokeza kumsalimu katika gauni lililokatwa kumbana haswa, ionekane kwamba hakuna kilichobaki. Badawi alimtazama toka kichwani hadi miguuni, kisha akaketi mkekani.

Kikaletwa chakula: samaki wa kupaka, mbuzi wa kuchoma, mayai, mchicha wa nazi. Aboud aliangaza macho mkekani, kisha akanong'ona, "Wali uko wapi?"

"Nyumba hii hatuli wali," alisema Mahfudha kwa sauti ya kutosha. "Wala chapati. Wala mkate."

Aboud alitamani ardhi ipasuke immeze. Kumkalisha mkwe mbele ya mkeka usio na punje ya wali ni sawa na kumfukuza kwa fimbo. Badawi alitua kijiko. Machozi yalikuwa yamemlengalenga.

"Nisamehe, Bwana Badawi," Aboud alianza, "dada yangu siku hizi..."

Badawi aliinua mkono kumnyamazisha.

"Daktari amenipata na sukari," alisema. "Wali haramu kwangu, chapati haramu, mkate haramu. Kila nyumba niendayo kuposa naandaliwa pilau. Kula siwezi, kutokula ni matusi. Nimeshagombana na wakwe Pwani nzima." Akavuta sahani ya mayai karibu yake. "Bwana Aboud, yaani huyu ameacha wali kwa ajili yangu, akanikondea na mwili pia? Mwite kadhi leo hii."