Penalti ya Dakika ya Tisini

"Atapita kwangu kwanza," Papa Bulaimu alisema, na Zéphirin akasikia kisu kikinolewa kwenye jiwe. "Mi ndiye nilimuona akiruka uzio."

"Nani hakumuona?" Mama Dorothée alimkatiza. "Ukimupata utamaliza kila kitu peke yako, kama kawaida yako. Ule mutu ni wa mtaa nzima."

Zéphirin alikuwa amejibanza nyuma ya magunia ya mpunga, katika nyumba ya shangazi yake Louise, viatu vya mpira bado miguuni. Nyumba haikuwa na mlango wa nyuma. Dirishani, vichwa vya watu vimejaa.

Miaka kumi na sita alikuwa kiungo wa kuhamahama: Kindu, Bukavu, Uvira, Kalemie, msimu mmoja Bujumbura. Timu saba, na hakuna hata moja iliyomlilia alipofunga begi. Kazi yake ilikuwa kuwapasia mpira watu wanaoimbwa majina. Magoti yake yalikuwa yamebakiza mkataba mmoja, tena kwa kubembeleza.

Na leo, hapa Kasongo alikozaliwa, timu yake ikiwa nyuma bao moja, dakika ya tisini, walimpa penalti. Hakuwahi kukosa hata moja. Aliipiga kwa moyo wake wote. Mpira ukapaa juu ya mwamba wa goli, ukaangukia kwenye mihogo.

Kelele iliyopasuka uwanjani ndiyo iliyomkimbiza. Wenzake walipanda pikipiki zao, hawakumngoja.

Mwenye timu, Prezida Serge, alikuwa ameshapiga simu kutoka Salamabila.

"Umeniuza."

"Prezida, nilipiga nifunge. Naapa."

"Usiape. Nina mutu wangu hapo Kasongo, iko na simu. Ataniletea picha ya vile watu watakufanya. Hapo ndipo nitajua kama kesho uko na kazi ama hauna."

Tangu hapo Zéphirin alikuwa akitazama bati, akingoja jiwe la kwanza. Aliliomba kabisa. Jiwe moja tu, hata dogo. Halikuja.

Shangazi Louise aliingia ananuka moshi, akijifuta uso kwa kikwembe.

"Mwanangu, nimewazuia hadi sauti imenikauka."

"Waambie niko mgonjwa, shangazi."

"Nilisema. Wanasema watakubeba."

"Waambie nimetoroka."

"Na hivi viatu vinavyoonekana chini ya gunia, ni vyangu?"

Nje, mtu alicheka, wengine wakaanza kuimba jina lake. Jina lake, ambalo katika miaka kumi na sita hakuna uwanja uliowahi kuliimba. Akajikunyata zaidi.

Mlango ukasukumwa. Papa Bulaimu alisimama kizingitini, kisu mkononi, damu mpaka kwenye kiwiko. Nyuma ya bega lake mwanamume asiyemjua aliinua simu, akaielekeza usoni mwa Zéphirin.

"Mutoto wetu," Papa Bulaimu alisema, machozi yakimlenga. "Wanakulipa Salamabila, wamekuvalisha jezi ya Salamabila, lakini ulipofika mbele ya goli yetu ukatukumbuka. Mbuzi iko tayari. Simama, twende kwangu, uingie ukule."