Laini ya Pili ya Nikodemo

Nakala ya Lushoto ilisema Nikodemo ana laini moja. Nakala ya Tanga ilisema anazo mbili.

Yudith alifikicha macho, akatazama tena. Kazi yake pale kampuni ya simu ilikuwa hiyo: taarifa za wateja zimewekwa sehemu mbili, huku mlimani na kule Tanga, na zikipishana yeye ndiye wa kuzipatanisha. Mara nyingi ni vichekesho tu. Juzi alikuta babu mmoja wa Zirai ana laini saba, kumbe wakwe na wajukuu walisajili kwa kidole chake. Lakini huyu Nikodemo alikuwa mumewe wa ndoa.

Laini yenyewe ilisajiliwa Tanga, wiki ile maporomoko yalipokata waya, ndiyo maana habari zake hazikupanda mlimani. Namba ilifichwa kwa nyota. Wa kuiona ni Kassimu, mwenzake wa Tanga. Mnara uliokuwa ukiishika wakati huo ulionekana: Lushoto mjini. Na Nikodemo siku hiyo alikuwa Bumbuli, anaezeka.

Basi simu anayo mtu, Yudith akawaza. Tena yuko hapahapa mjini, labda wanasalimiana sokoni.

Jioni akamtega mumewe. "Baba Esteria, hivi una laini ngapi?"

"Moja tu, na vocha yake yenyewe inanishinda."

Alijibu huku anamenya kiazi, wala hakupepesa macho. Yudith alikosa hamu ya kula. Mwanamume akishaweza kudanganya huku anamenya kiazi, huyo ameshakubuhu. Usiku huo akajiapia: akimkuta na huyo mwanamke, anachukua watoto anarudi kwao. Wala hatanii.

Jumamosi Nikodemo akaaga, anakwenda Irente kutengeneza paa la banda la kuuzia jamu. Yudith akamwacha atangulie, akajifunga kanga, akamfuata kwa bodaboda.

Akajibanza nyuma ya michongoma. Mumewe yule pale, amekaa na mwanamke mweupe wa uso, wanacheka, mwanamke anamwonjesha jamu kwa kijiko. Kwa kijiko, jamani. Yudith akachomoa simu aliyoletewa zawadi na mumewe kutoka Tanga, akampigia Kassimu.

"Ile laini niliyokuuliza jana, sasa hivi iko wapi?"

"Dada Yudith, kazi hii ina miiko."

"Kassimu, ndoa yangu inakufa. Niangalizie."

Kassimu akabofya kompyuta. "Iko Irente."

Machozi yakamlenga. Kumbe ni kweli. Miaka yote hiyo anamfulia, anampikia, anamwombea kanisani.

"Nipe namba yake," akanong'ona. "Nataka niipige hapa hapa, ilie mfukoni mwa huyo mwanamke, nimuumbue mbele za watu."

Kassimu akakohoa. "Ukiipiga utaambiwa inatumika, dada. Ndiyo hiyo unayoongea nayo na mimi."