Saidia Fundi

Nestori alikuwa juu ya jukwaa la mirunda akipanga tofali, mkewe Sekela akimpandishia karai la udongo, ndipo mkuu wake wa kazini akasimamisha gari na kuja kuangalia ujenzi.

"Hongera, bwana! Na huyu saidia fundi umemtoa wapi? Mwanamke, lakini anapiga kazi kuliko dume."

Sekela, uso umejaa vumbi la saruji, alitabasamu akingoja mumewe aseme.

"Wapo hapa mtaani," Nestori akasema. "Wa kutwa tu."

"Na shemeji je, ameshaiona nyumba?"

"Bado. Atakuja."

Mgeni akaaga. Nestori akajifanya anapima ukuta kwa timazi. Chini, Sekela akashika chepe, akaendelea kukoroga udongo.

Saa ya chakula Sekela akafungua sufuria ya chakula alichopika alfajiri, akamwekea mumewe sahani sebuleni, yaani pale walipokubaliana patakuwa sebule, walipokuwa wakila pamoja tangu siku ya msingi. Yeye akabeba ya kwake, akaenda kuketi nje kwenye lundo la mchanga, akiipa nyumba mgongo.

"Mke wangu," Nestori akaita kwa sauti ndogo, "njoo tule."

Sekela akamega tonge, asigeuke.

"Wewe kula tu, bosi. Na kesho nije, au umeshapata mwingine?"

Nestori akasimama na sahani yake kwenye uwazi wa mlango, mahali ambapo hapakuwa bado na mlango wa kumzuia.