Upande wa Pili

Tangu mumewe azikwe, kila hati aliyoichapa karani akiwa nyumbani ilitokea kwenye printa ya ofisini. Kompyuta ya mezani kwake iliendesha ile ya kazini kwa mbali, lakini ile ya kazini haikuiona kabisa printa ya pale sebuleni.

Leo fundi wa ofisini akampigia simu.

"Dada, printa yako nimeshaipata. Nakutumia ukurasa wa majaribio."

Printa ikakohoa, ikavuta karatasi, ikaitema ikiwa bado ya moto.

Nyuma yake kulikuwa na maandishi. Hakushangaa. Marehemu hakuwa mtu wa kutupa kitu. Trei ya printa aliijaza karatasi zilizokwisha tumika upande mmoja. "Karatasi ni kama shuka," alizoea kusema. "Upande huu ukichafuka, unageuza."

Akageuza.

Ilikuwa ripoti ya daktari, yenye jina la mumewe na tarehe ya miaka miwili iliyopita. Yeye, mkewe, aliambiwa habari za ugonjwa uliomuua wiki tatu tu kabla ya mazishi. Mstari wa mwisho ulisema: *Mgonjwa ameelezwa hali yake. Ameomba mkewe asiambiwe.*

Akapitisha kidole gumba ukingoni mwa karatasi, taratibu, mpaka ikapoa.

"Dada, imetoka?"

"Imetoka."

"Inasomeka?"

"Vizuri tu."

"Haya, nijaribu nyingine?"

Akaivuta trei. Zilikuwa bado nyingi, zote zimelala kifudifudi, maandishi yakiwa chini. Akairudisha.

"Tuma, kaka."