Kiganja cha Hadjara

"Kuwaka kwake si shida yangu," alisema Mzee Abdul. "Nataka kujua kupoa kwake."

Mushagalusa, muuza vyuma katika soko la Rumonge, alikuwa amempangia mezani vipimajoto vitatu. Wateja wake wote, waoka mikate na wakausha samaki, huuliza kipimo kinapanda hadi wapi. Huyu aliuliza kinashuka hadi wapi.

"Muzee, chukua hii ya mushale murefu. Inafika mia tano. Jiko ya kuni inataka kitu ya nguvu."

"Namba zake za chini hazisomeki."

"Na hii ya kioo?"

"Itapasuka, na vigae vitaonekana."

Abdul akashusha sauti. Jiko lake lilikuwa la chuma kizito, lenye kutunza joto kama mja mwema atunzavyo amana. Kila alasiri mkewe, Hadjara, akirejea kutoka Magara alikonunua ndagala, wale dagaa wa ziwani, huweka kiganja juu ya jiko hilo hata kabla ya kuvua mtandio. Juzi kiganja kilikuta joto.

"Pole! Mama alipiga kelele?"

"Laiti angepiga. Alinyamaza hadi isha. Kikikuta joto tena, ndugu yangu, mimi sina nyumba."

Moyo wa Mushagalusa ukalainika. Akamwita mkewe aliyekuwa nyuma ya duka.

"Esperance! Kuja usikie namna watu wanapenda bibi zao! Muzee anatafuta kipimo ili mukono ya mama isiungue!"

"Na weye?" alijibu Esperance akitokeza na chupa mkononi. "Mimi naungua kila siku, hata maji hauniletei. Muzee, kunywa fanta, iko baridi."

Abdul aliitazama barabara, huku na huko, kisha akakataa kwa adabu. Akachagua kile kidogo cha sumaku, chenye namba za chini zilizo wazi, akakitia katika mfuko wa kanzu.

Kesho yake alasiri, Hadjara aliingia na kapu lake, akaweka kiganja juu ya jiko. Lilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Akakiacha hapo kitambo, na uso wake ukakunjuka.

"Nisamehe, baba Nafisa," alisema. "Nilikudhania vibaya. Mwenyezi Mungu aipokee funga yako."

"Amina," alijibu Abdul kwa midomo iliyobanwa, huku ulimi wake ukihangaika na mwiba wa samaki, mukeke wa mchana, uliokwama menoni.